Cheche Kabla ya Kikomo: Fizikia ya Wakati wa Kuwasha Injini ya Petroli

Katika injini ya petroli ya mtindo wa zamani, yaani yenye kabureta, koili na distribyuta, cheche hairuki pale pistoni inapofika kileleni mwa silinda. Huruka mapema zaidi, pistoni ingali inapanda na kuugandamiza mchanganyiko wa hewa na mvuke wa petroli ulio mbele yake. Mwanafunzi anapolisikia jambo hili kwa mara ya kwanza huliona kuwa ni kinyume cha akili. Kwa nini uwashwe moto wa kuirudisha pistoni chini ilhali pistoni yenyewe bado inakuja juu? Jibu ni fupi, na mengi yatakayoelezwa hapa yanatokana nalo: moto huchukua muda kuenea.

Vitabu vingi vya shule husema kwamba petroli hulipuka ndani ya silinda. Neno hilo linapotosha. Katika injini yenye afya hakuna mlipuko. Kuna mwali unaozaliwa kwenye ncha ya plagi ukiwa mdogo kuliko kichwa cha njiti ya kiberiti, kisha ukasafiri kuelekea kwenye kuta za silinda, ukila mchanganyiko tabaka baada ya tabaka. Mlipuko wa kweli hutokea pia mara nyingine, lakini huo ni ugonjwa wa injini, nao utaelezwa baadaye.

Na ichukuliwe kwa mfano injini ya Volkswagen 1500 ya miaka ya 1960, ile ya gari dogo lenye umbo la mgongo wa kobe. Magari ya ukoo huo yalishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1954, 1957 na 1962, na la mwisho lilitoka katika kiwanda cha Puebla, Mexico, tarehe 30 Julai 2003. Injini yake inafaa sana kwa somo, kwa kuwa ni nyepesi kufikika na haina kompyuta ya kuficha makosa ya fundi. Kipenyo cha silinda yake ni milimita 83, na pistoni husafiri milimita 69 kutoka kikomo cha chini hadi kikomo cha juu. (Silinda za injini hii zimelala ubavu, hivyo maneno "juu" na "chini" ni ya mazoea tu, kikomo cha juu ni pale pistoni ilipo mbali kabisa na kranki.)

Plagi haikukaa katikati kabisa ya silinda. Kwa hiyo mwali una kama milimita 60 za kwenda hadi uifikie pembe ya mbali. Katika mchanganyiko uliotulia, kama ule unaowekwa ndani ya bomba la kioo la maabara kwa hewa ya kawaida, mwali wa petroli huenda chini ya nusu mita kwa sekunde. Kwa mwendo huo milimita 60 zingehitaji zaidi ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, na katika muda huo kranki inayozunguka mara 3,000 kwa dakika ingekwisha zunguka zaidi ya mara tano. Injini ya namna hiyo isingefaa kitu.

Kinachoiokoa ni vurugu. Hewa inapopenya kwa nguvu kwenye vali ya kuingizia hufanya vimbunga vidogo vidogo ndani ya silinda. Vimbunga hivyo huukunjakunja uso wa mwali, eneo linalowaka huwa kubwa, na kasi ya mwali hupanda hadi makumi ya mita kwa sekunde. Kwa mita 25 kwa sekunde, zile milimita 60 humalizika katika milisekunde 2.4. Na hapa pana jambo la bahati kubwa: kadiri injini inavyozunguka upesi ndivyo hewa inavyovurugika zaidi, na ndivyo mwali unavyokimbia zaidi. Moto hujaribu kwenda sambamba na mashine, ingawa haufanikiwi kabisa.

Kutoka muda hadi pembe

Fundi hapimi milisekunde. Hupima digrii za mzunguko wa kranki, kwa sababu digrii huweza kuchongwa kwenye puli na kuonekana kwa macho. Uhusiano wa vipimo hivi viwili ni rahisi. Injini inayofanya mizunguko N kwa dakika hupita digrii 6N kila sekunde, kwani mzunguko mmoja una digrii 360 na dakika ina sekunde 60. Kwa mizunguko 900, ambayo ni karibu na mwendo wa injini iliyosimama bila kazi, digrii moja huchukua sehemu moja ya 5,400 ya sekunde. Kwa mizunguko 3,000 huchukua sehemu moja ya 18,000. Kama mwako ungehitaji milisekunde 2 daima, ungechukua digrii 10.8 katika mwendo wa kwanza, na digrii 36 katika mwendo wa pili. Alama moja iliyochongwa kwenye puli haiwezi basi kuwa sahihi kwa miendo yote.

Je, moto unatakiwa ukamilike lini? Majaribio ya miaka mingi yameonyesha kwamba injini nyingi za petroli hutoa nguvu nyingi zaidi iwapo kanieneo ndani ya silinda inafikia upeo wake kiasi cha digrii 15 baada ya pistoni kupita kikomo cha juu. Mpanda baiskeli ataelewa sababu bila ya hesabu. Kuikanyaga pedali iliyosimama wima juu kabisa ni kazi bure, kwani mguu husukuma kuelekea kwenye mhimili wenyewe na gurudumu halizunguki. Nguvu huzaa matunda pedali inapokuwa imeinama mbele kidogo. Moto ukikamilika mapema mno, pistoni inayopanda hupigana nao, na joto huishia kwenye vyuma. Ukikamilika kwa kuchelewa, pistoni imekwisha kukimbia, nafasi imepanuka, na moto ambao ungefanya kazi hutoka nje ungali unawaka.

Kucheleweshwa huku kunastahili kusisitizwa, kwa sababu imeenea imani miongoni mwa madereva na hata mafundi kwamba cheche iliyochelewa haina madhara, ila hupunguza nguvu tu. Si kweli. Gesi inayotoka ikiwa bado inawaka huipita vali ya kutolea moshi na kuichoma, na bomba la moshi huweza hata kuwa jekundu. Injini huhitaji mafuta mengi zaidi kwa safari ile ile, na kwa injini inayopozwa kwa hewa joto hilo la ziada si dogo. Pande zote mbili za kipimo sahihi kuna hasara, ila sauti ya hasara ya upande mmoja husikika na ya upande wa pili haisikiki.

Mkono wa dereva, kisha vizito, kisha ombwe

Katika magari ya mwanzo kazi hii ilikuwa ya dereva. Gari la Ford Model T, lililoundwa Marekani kuanzia mwaka 1908 hadi 1927, lilikuwa na wenzo mdogo upande wa kushoto wa nguzo ya usukani, na dereva aliusogeza mwenyewe kutanguliza au kuchelewesha cheche. Aliyesahau kuurudisha kwenye kuchelewa kabla ya kuiwasha injini kwa mkono aliweza kuvunjika mkono: mwali ulikamilika kabla ya pistoni kufika kikomo, pistoni ikarudishwa nyuma kwa kishindo, na mpini wa kuwashia ukarudi nao.

Baadaye kazi hiyo ilikabidhiwa distribyuta. Katika magari mengi, chini ya sahani inayobeba kontakti kuna vizito viwili vilivyofungwa kwa springi. Mhimili unapozunguka polepole springi huvishika ndani. Unapozunguka upesi vizito huachana kuelekea nje, na katika kuachana huko huisogeza kamu ili ifungue kontakti mapema zaidi. Springi hizo huchaguliwa kwa makini, na vizito hugonga kizuizi vinapofika mwisho wa safari yao, ndiyo maana kutangulia huku hakuongezeki bila kikomo. Ni kikokotoo cha chuma, kinachojua hesabu moja tu.

Chombo cha pili ni kifuko chenye ngozi nyembamba ya mpira, kilichounganishwa kwa mrija na kabureta. Dereva anapoendesha kwa utulivu barabara tambarare, silinda hupokea mchanganyiko mchache. Mchanganyiko mchache huungua polepole, hivyo huhitaji cheche ya mapema zaidi. Ombwe lililo katika mrija huivuta ile ngozi, na ngozi huizungusha sahani ya kontakti. Dereva akikanyaga mafuta hadi chini, ombwe hupotea na cheche hurudi nyuma. Katika Volkswagen nyingi za miaka ya 1960 vizito havikuwemo kabisa. Ombwe peke yake lilitumika, likichukuliwa mahali ambapo huongezeka kadiri hewa inavyopita kwa kasi. Mpango huo ulikuwa wa gharama ndogo, na ulifanya kazi. Lakini ngozi ya mpira ikitoboka, injini haina tena njia yoyote ya kutanguliza cheche. Mwalimu anaweza kuukagua mrija huo kwa kuuvuta kwa mdomo, kifuniko cha distribyuta kikiwa kimeondolewa: sahani ikikaa bila kusogea, ugonjwa umepatikana.

Kontakti zenyewe hutumia kanuni ambayo mwanafunzi wa kidato cha nne anaifahamu, ile ya mwingizo wa sumakuumeme. Zinapofunga, mkondo hupita katika waya wa kwanza wa koili na kujenga uga wa sumaku. Zinapoachana, mkondo hukatika ghafla, uga huporomoka, na katika waya wa pili, wenye maelfu ya mizunguko, huzaliwa volti zipatazo 20,000. Mfumo huu ulitumika kwanza katika magari ya Cadillac ya mwaka 1912, na mbunifu wake alikuwa Charles Kettering. Kwa somo hili jambo moja tu linatosha kukumbukwa: cheche hutoka wakati kontakti zinapofunguka, si zinapofunga.

Kazi yenyewe

Kwanza hurekebishwa nafasi kati ya kontakti, ambayo kwa injini ya mfano huu ni milimita 0.4, ikipimwa kwa fila geji pale kamu inapozifungua kabisa. Mpangilio huu hauwezi kugeuzwa. Nafasi ikiwa ndogo, kontakti hufunguka kwa kuchelewa. Anayeweka wakati wa cheche kwanza na nafasi baadaye huwa ameharibu kwa mkono wa pili alichotengeneza kwa mkono wa kwanza. Kwa sababu hiyo hiyo wakati wa cheche hupotea wenyewe gari linapotumika, maana kisigino cha fibra kinachosugua kamu hulika kidogo kidogo.

Kisha kranki huzungushwa kwa spana, kwa mwelekeo wa mishale ya saa, hadi alama ya puli ilingane na mstari unaounganisha nusu mbili za ganda la injini. Kwa Volkswagen nyingi za miaka hiyo alama ni ya digrii 7.5 kabla ya kikomo cha juu, injini ikiwa baridi. Puli nyingine zina alama mbili au tatu, na maana yake si moja kwa miaka yote, hivyo hapana budi kitabu cha injini husika kitazamwe. Rota nayo itazame mkwaruzo ulio kwenye ukingo wa distribyuta, ambao ni wa silinda ya kwanza. Ikitazama upande wa pili, kranki izungushwe mara moja zaidi, kwa kuwa distribyuta huzunguka mara moja kila kranki inapozunguka mara mbili. Uwiano huo una matokeo mengine: kuisogeza distribyuta digrii moja ni kuisogeza cheche digrii mbili za kranki. Mkono mzito haufai hapa.

Taa ndogo, yenye volti sawa na za betri, huunganishwa kati ya ncha namba 1 ya koili na bodi ya gari. Swichi hufunguliwa. Distribyuta hulegezwa na kuzungushwa kwa mwelekeo wa mishale ya saa hadi taa izimike, maana yake kontakti zimefunga. Halafu hurudishwa polepole kinyume chake hadi taa iwake. Hapo ndipo kontakti zilipoachana, na hapo ndipo nati hukazwa. Kuhakikisha, kranki huzungushwa mizunguko miwili kamili, daima kwa mwelekeo ule ule ili ulegevu wa meno ya gia usiingie katika kipimo, na taa inatakiwa kuwaka alama inapofika mstarini.

Digrii 7.5 ni kitu gani kwa macho? Katika puli ya kipenyo cha milimita 170, mzingo ni milimita 534, na digrii 7.5 ni milimita 11 za ukingo wake. Fundi mwenye macho ya kawaida hawezi kukosea hapo zaidi ya digrii moja. Kwenye pistoni hali ni tofauti kabisa. Urefu wa fimbo inayounganisha pistoni na kranki ukichukuliwa kuwa milimita 137, mwanafunzi anaweza kukokotoa kwa trigonometria kwamba pistoni iliyo digrii 7.5 kabla ya kikomo iko chini yake kwa takriban milimita 0.37 tu. Kwa digrii 5 ni milimita 0.16. Hata kwa digrii 30 bado haijafika milimita 6.

Hesabu hii inahukumu mazoea ya gereji nyingi, ambapo puli ikiwa haina alama, kikomo hutafutwa kwa kutumbukiza bisibisi au spoku ya baiskeli katika tundu la plagi na kuitazama inapoacha kupanda. Kati ya digrii 5 kabla na digrii 5 baada ya kikomo pistoni haisogei hata sehemu mbili za kumi za milimita. Jicho huona imesimama, nayo inapita digrii 10 nzima. Njia iliyo bora ni kuweka kizuizi katika tundu la plagi, plagi zote zikiwa zimeondolewa na swichi imefungwa, kisha kuizungusha kranki polepole kwa mkono hadi pistoni iguse kizuizi, na kuchora alama kwenye puli. Kranki huzungushwa upande wa pili hadi iguse tena, na alama nyingine huchorwa. Kikomo cha kweli ni katikati ya alama hizo mbili. Mwalimu wa jiografia hutumia hila iyo hiyo kutafuta mstari wa kaskazini: haungoji ule wakati wa adhuhuri ambapo kivuli cha kijiti hakionyeshi kubadilika urefu, bali huweka alama kivuli kinapokuwa na urefu fulani asubuhi na tena alasiri, akaigawa pembe iliyo kati yake.

Taa ya kumulika kwa vipindi hukamilisha kazi injini inapowaka. Kwa mizunguko 900 silinda ya kwanza hupata cheche mara 7.5 kwa sekunde, na kila cheche ikiiwasha taa, alama ya puli huonekana kana kwamba imesimama. Injini iwashwe mahali penye hewa ya kutosha, na mikono na nguo ziwe mbali na fenibelti.

Ugonjwa wa kugonga

Cheche ikitangulia mno, sehemu ya mchanganyiko ambayo mwali haujaifikia hubanwa na kupashwa joto kiasi cha kujiwasha yenyewe, yote kwa pamoja. Huo ndio mlipuko. Mawimbi ya kanieneo hupiga kuta za silinda maelfu ya mara kwa sekunde, na hutoa ule mlio wa chuma kikali unaosikika gari likipanda mlima kwa gia kubwa. Madhara yake makubwa hayatokani na kishindo pekee. Mawimbi hayo huondoa utando mwembamba wa gesi yenye joto dogo unaoikinga pistoni ya alumini, na moto huigusa moja kwa moja. Injini huweza kuonekana imechangamka wiki nzima huku pistoni inalika, hadi siku inapotoboka.

Volkswagen yenyewe ilitoa ushahidi wa jinsi jambo hili linavyohitaji kipimo. Katika injini zake za miaka ya 1960 kipoza mafuta kilisimama katika njia ya hewa inayoipoza silinda ya tatu, na silinda hiyo ikawa na joto kuliko wenzake. Kiwanda kiliichonga kamu ya distribyuta ili cheche ya silinda ya tatu ichelewe kwa digrii chache kuliko za silinda nyingine. Mtu asiyejua anapopima silinda zote nne hudhani kamu imelika.

Kuzuia kugonga kulitafutwa pia katika petroli. Mwaka 1921 Thomas Midgley na wenzake wa kampuni ya General Motors waligundua kwamba kiasi kidogo cha madini ya risasi kilichochanganywa kikemikali hukomesha mlio huo, na mwaka 1926 Graham Edgar akaweka kipimo cha oktani cha kulinganisha petroli. Risasi hiyo ilitoka na moshi na kuingia katika miili ya watu, ikidhuru hasa ubongo wa watoto. Karibu nchi zote za Afrika kusini mwa Sahara ziliiacha kufikia Januari 2006, na Algeria, iliyokuwa ya mwisho duniani, iliiacha Julai 2021. Injini ya Volkswagen 1500, yenye mgandamizo wa 7.5 kwa 1, haisumbuliwi sana na mabadiliko hayo. Injini ya umri huo yenye mgandamizo wa 9 au zaidi, iliyopimiwa digrii zake kwa petroli ya oktani kubwa, husumbuliwa ikipewa petroli ya oktani ndogo. Digrii zilizoandikwa katika kitabu chake ziliandikwa kwa petroli hiyo, wala si kwa nyingine.

Mwinuko wa nchi nao una sehemu yake. Arusha iko mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa huko ni pungufu ya ile ya pwani kwa takriban asilimia 15. Silinda hujaa hewa kidogo, mwali huenda polepole, na hatari ya kugonga hupungua. Fundi wa huko anaweza kutanguliza cheche kwa digrii mbili au tatu na dereva akafurahi. Gari lile lile likiteremka hadi Tanga na kupakiwa mizigo, hewa nzito ya pwani huirudisha hatari yote pamoja na zile digrii za nyongeza. Ipo mizunguko ya injini ambayo sikio haliwezi kuisikilizia vizuri, kwa sababu kelele za upepo na feni huufunika mlio wa kugonga. Hivyo jaribio hufanywa kwenye mwinuko mfupi, kwa gia ya tatu, mafuta yakikanyagwa hadi chini na madirisha yakiwa wazi. Ukisikika mlio, distribyuta husogezwa digrii moja kwa mwelekeo wa mishale ya saa, nati hukazwa, na mwinuko hupandwa tena.